Son nom de Venise dans Calcutta désert

Filamu ya majaribio ya Kifaransa iliyotengenezwa mwaka 1976 na mwandishi na mwongozaji Marguerite Duras ndani ya kasri la Rothschild lililohamwa, huko Boulogne-Billancourt, pembezoni mwa Paris.

Kasri hilo la karne ya 19 liliporwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha likaachwa lijifie. Katika filamu yake ya India Song (1975), Duras alilitumia kwa nje kuwa ubalozi wa Ufaransa mjini Calcutta. Katika filamu hiyo, mwigizaji Delphine Seyrig na wenzake wanacheza dansi bila kufumbua midomo, huku mazungumzo yakisikika kutoka nje ya picha.

Safari hii alithubutu zaidi: alichukua sauti yote ya India Song, pamoja na muziki wa Carlos d'Alessio, akaipigia picha mpya kabisa. Kamera ya Bruno Nuytten inatambaa juu ya kuta zilizobambuka, madirisha yaliyovunjika na vyumba vilivyozama gizani. Watu hawaonekani, isipokuwa wanawake wachache wanaojitokeza mwishoni. Mtazamaji anasikia tafrija nzima na vilio vya makamu wa balozi mdogo, mhusika wa India Song, lakini machoni pake mna plasta na vumbi tu, na jengo lenyewe ndilo linalobeba uhusika mkuu.