PATH ilitoka wapi? Historia fupi ya vigeu vya mazingira katika Windows

Anayeanza kujifunza Java au Python kwenye Windows hakosi kufika hapa: mwongozo unamwambia aongeze saraka fulani kwenye PATH, anaongeza, anarudi kwenye dirisha la amri, na tarakilishi inamjibu kwamba haiitambui amri yake. Hakuna kilichoharibika. Chanzo ni uamuzi wa zamani, tena uliofanywa nje ya Microsoft kabisa.

Mwaka 1979 Bell Labs ilitoa Toleo la 7 la Unix. Ndani yake kulikuwa na vigeu vya mazingira, yaani majina na thamani ambazo programu moja huirithisha nyingine inapoizaa. Mtoto hupewa nakala siku ya kuzaliwa, basi. Thamani zikibadilishwa kwingine baadaye, yeye hana habari. Ndiyo maana dirisha ulilolifungua kabla ya kubadilisha PATH bado lina nakala ya zamani. Lifunge, ufungue jingine.

Microsoft ililichukua wazo hilo katika MS-DOS 2.0, Machi 1983, toleo lilelile lililoleta saraka. (Kabla ya hapo PATH ingekuwa ya kazi gani, ilhali diski nzima ilikuwa orodha moja ya faili?) Unix hutenganisha saraka kwa nukta pacha, lakini DOS ilikwisha kuitumia alama hiyo kwa majina ya diski, A: na B:. Ikaishia kuchukua nukta mkato, ambayo tunaiandika hadi leo.

Siku hizo vigeu viliwekwa katika AUTOEXEC.BAT, faili ya maandishi tu. Mtu yeyote angeweza kuihariri, na programu yoyote pia. Za kusakinisha ziliingia humo bila kupiga hodi na kuacha mistari yao. Nafasi yenyewe ilikuwa finyu: katika DOS 5, usipoiongeza mwenyewe, ulipewa baiti 256 kwa vigeu vyote.

Windows NT 3.1, mwaka 1993, ilivihamishia kwenye rejista na kuvigawa: vya mtumiaji, na vya mfumo ambavyo hubadilishwa na msimamizi peke yake. Lakini majumbani watu walikuwa na Windows 95 na 98, ambako aliyekaa mbele ya kibodi angeweza kufuta chochote. Windows 2000 ikaleta mlinzi wa kurudisha faili za mfumo zilizobadilishwa kiholela. Vista, mwaka 2007, ikaenda mbali zaidi: faili nyeti zikawa mali ya TrustedInstaller, na hata msimamizi akaanza kuulizwa kwanza. Wengi walivichukia vidirisha vile. Mimi naona vilichelewa.

Tazama faili ya hosts, iliyo katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Jina hilo la etc ni la Unix. Faili yenyewe ni mjukuu wa HOSTS.TXT, orodha ya tarakilishi zote za ARPANET, iliyotumika kabla Paul Mockapetris hajabuni DNS mwaka 1983. Windows bado huizingatia kabla ya kuuliza seva ya DNS. Kwa hiyo programu hasidi ikipenyeza mstari mmoja tu humo, unaandika anwani ya benki yako na kupelekwa kwa matapeli. Ukitaka kuihariri, bofya Notepad kwa kitufe cha kulia, uiendeshe kama msimamizi, kisha uifungue faili kutoka ndani yake.

Mtego uliobaki ni amri ya setx, inayokuja na Windows tangu Vista. Hukata thamani inayozidi herufi 1024. Miongozo mingi hukuambia uandike setx PATH "%PATH%;..." bila kukuonya: PATH yako ikiwa ndefu, mkia unapotea, na kilichokatwa ndicho kinachohifadhiwa. Vya mfumo navyo vinamwagwa ndani ya vya mtumiaji. Tumia kidirisha cha vigeu, ambacho katika Windows 10 tangu 2015 huonyesha kila saraka kwenye mstari wake, na kabla ya kugusa chochote nakili PATH yote kwenye faili ya maandishi.