MAMA, USIMKATAZE MPIRA (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Mbeya na Iringa, tuendelee.

Wiki hii mama mmoja kaleta kijana wake, kifundo cha mguu kimevimba. Hata sijamgusa mtoto, mama kasema, "Nesi, mwambie aache mpira, hauna faida." Nikamuuliza, unaijua Tukuyu Stars?

Mwaka 1986 ubingwa wa Tanzania Bara haukwenda Simba wala Yanga. Ulipanda milima mpaka Tukuyu, kwenye mvua, chai na ndizi zetu. Timu ndio kwanza imepanda daraja, msimu huohuo bingwa! Na enzi hizo mpira ulikuwa wa ridhaa.

Ila hawakudumu, wakashuka. Mbeya City, iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji mwaka 2011, ilishika nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza ligi kuu, 2013/14. Nayo baadaye ikashuka. Lipuli ya Iringa ilicheza fainali ya Kombe la FA 2019, ikafungwa na Azam 1-0. Mwaka uliofuata, chini.

Unaona? Kufika juu tunaweza, kubaki ndio kunatushinda. Timu inabaki juu kama kuna vijana wanaokuja nyuma, na hao tunawalea sisi.

Kwa hiyo akiteguka, usimkande maji ya moto wala kumchua. Weka kitambaa cha maji baridi, mguu uinuliwe juu ya mto. Akishindwa kukanyaga, mlete hospitali.

Yule kijana hakuvunjika. Mama yake kaniuliza mazoezi anaruhusiwa kurudi lini.