Mizani ya Glastonbury

Glastonbury Tor, huko Somerset, Uingereza, si kilima kirefu, mita 158 tu, lakini upepo wa juu pale utakushikisha kofia kwa mikono miwili. Kileleni umebaki mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Kanisa lenyewe halipo, na mnara hauna paa. Unaingia mlango huu, unatokea ule, basi.

Niliopanda nao walikuwa wakizungumzia Mfalme Arthur na nguvu za ajabu za ardhi. Sawa, kila mtu na lake. Mimi nilimfuata Richard Whiting.

Kilima kina mambo ya kale kuliko yeye, lakini. Kati ya 1964 na 1966 Philip Rahtz alichimba hapo akakuta vigae vya mitungi iliyotoka nchi za Mediterania, ya miaka baada ya Warumi kuondoka. Kumbe watu walikuwa wakiagiza vitu vya mbali kabla Uingereza haijaitwa Uingereza! Kanisa lilikuja baadaye, tetemeko likaliangusha tarehe 11 Septemba 1275, likajengwa tena.

Whiting alikuwa abate wa mwisho wa abasia iliyo chini mjini, ya Wabenediktini, watawa walewale tunaowajua Peramiho na Ndanda. Henry VIII alikuwa akizifunga nyumba za watawa na kuzoa mali zake. Mzee hakuikabidhi ya kwake. Akashtakiwa wizi. Wizi wa mali ya kanisa lake mwenyewe, jamani! Na kabla kesi haijasikilizwa, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, alikuwa ameshajiandikia kwamba abate ahukumiwe na auawe hukohuko Glastonbury. Tarehe 15 Novemba 1539 wakamburuta hadi kileleni, wakamnyonga pamoja na watawa wawili. Mwili ukakatwa vipande vinne vikapelekwa miji minne. Kichwa kikatundikwa kwenye lango la abasia.

Nilikuwa nawaza hayo nilipoinua macho upande wa magharibi wa mnara. Kuna mchongo pale, umelika kwa mvua: Mikaeli ameshika mizani, anapima roho.

Nikausimamia kwa muda. Mama mmoja akanigusa bega, akaomba niwapige picha yeye na mumewe. Nikawapiga mbili, wamesimama chini ya ile mizani, wanacheka, nywele zinapeperuka.