Sanduku la makufuli matatu

Siku hizi wenye mifuko minene wanazungumza sana juu ya uwekezaji wenye manufaa kwa jamii: uweke fedha mahali itakapokuletea faida na papo hapo kuwainua watu. Wanavijiji wa kando ya msitu wa Jozani, Unguja, walikwishaanza zaidi ya miaka 20 iliyopita, na benki yao ilikuwa sanduku la chuma.

Kabla ya sanduku palikuwa na upatu. Kila mtu anatoa kiasi kilekile, kijumbe anakusanya, fungu lote anapewa mwenye zamu. Upatu una heshima yake. Umenunua vitanda, vyerehani na mabati ya nyumba nyingi. Ila fedha yake haizai, na mtoto hangoji zamu yako ifike ndipo augue.

Dawa ilitoka mbali. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianzisha na wanawake wa vijijini vikundi vilivyoitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye mbinu. Fedha ikabaki pamoja, mwanachama akakopa na kurejesha na nyongeza. Wengi hawakujua kusoma, hivyo hesabu zilishikwa kichwani, mbele ya wote.

Jozani mbinu hiyo ilifika kwa mradi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nia ilikuwa watu wapate kipato bila kukata kuni na kuchoma mkaa katika msitu wa kima punju. Hisa hununuliwa kikaoni. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na anayelaza sanduku kwake hana hata mmoja. Mzunguko ukiisha, sanduku linavunjwa, kila mtu anaondoka na hisa zake pamoja na faida. Hapo ndipo ninapoona linampita mkopeshaji wa nje: nyongeza aliyolipa muuza samaki inamrudia yeye na jirani zake. Mradi ulipoisha vikundi vikazidi kuongezeka. Ni miradi michache inayoweza kujisifia hivyo.

Bara mfumo huu ukaenea kwa jina la Vikoba. Ni kifupisho cha Kiingereza, ingawa bibi zetu walikwishakuwa na vikoba vyao vya kuwekea senti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ikaviweka vikundi hivi katika daraja la nne la watoa huduma hizo, wanachama 10 hadi 50, na kuvitaka visajiliwe. Kama kikundi chenu bado, anzieni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.