Mama, Wangapi Wangali Hai?

Msomaji, ukifika Bute, kaskazini mwa Wajir, karibu na mpaka wa Ethiopia, ukamwuliza mzee mfugaji alizaliwa mwaka gani, huenda asikutajie tarakimu. Atakuambia alizaliwa wakati wa ukame fulani au mvua fulani. Kwake hilo ni jibu kamili. Lakini karani wa hesabu ya watu, ambaye karatasi yake ina nafasi ya umri, hupata taabu.

Taabu hiyo si ndogo. Atakaye kujua ni watoto wangapi wafao kabla ya kutimiza miaka 5 hana budi kujua walizaliwa lini na walikufa lini. Huko Ulaya habari hizo ziliandikwa zamani, na mwaka 1693 Edmond Halley alizitumia habari za mji wa Breslau kutengeneza jedwali la uhai. Je, mahali ambapo kaburi la mtoto halikuandikwa popote, jedwali litatoka wapi?

Mwaka 1948 watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walihesabiwa. Mwaka uo huo William Brass, kijana kutoka Scotland, alianza kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika ya Mashariki, akadumu humo hata 1955. Baadaye alieleza njia iliyompatia sifa. Mama aweza kutojua mwaka aliozaliwa, lakini awajua watoto wake. Basi aulizwe mambo mawili tu: amezaa wangapi, na wangapi wangali hai.

Hapo umri wa mama husimama mahali pa umri wa mtoto. Tuseme wanawake wenye miaka 30 hadi 34 wamezaa watoto 400, na 80 wamekufa. Sehemu hiyo, yaani moja katika tano, ikisharekebishwa kidogo, hukaribia sehemu ya watoto wafao kabla ya miaka 5. Hata umri wa mama wenyewe mara nyingi ulikisiwa kwa kumkumbusha matukio makubwa ya nchi.

Lakini angalia, msomaji: mama aliyekufa haulizwi. Mwaka 1972 David Cox wa London alitoa njia ya kupima jinsi hali za mtu, kama vile umbali wa maji, zinavyoongeza au kupunguza hatari ya kufa. Mwaka 1976 Donald Rubin wa Marekani alionyesha kwamba habari ikikosekana, yatupasa kuuliza sababu ya kukosekana kwake. Ikiwa jamaa za wafugaji wamehama kwa ukame kabla hawajaulizwa, huenda hao ndio waliopatwa na msiba zaidi. Tukizitupa karatasi zao kwa kuwa hazikujazwa sawasawa, tutasema watoto hawafi sana, na zahanati iliyohitajiwa haitajengwa.

Huenda siku moja wewe utakuwa karani huko Bute. Utamwuliza mama swali la pili, naye atanyamaza, kwani wengi huona uchungu kumtaja mtoto aliyekufa akiwa mchanga. Usifanye haraka kuandika sifuri. Ngoja kidogo, umwulize tena kwa upole. Maana mtoto huyo asipoandikwa katika karatasi yako, hakuna kitabu kingine kitakachomtaja.