Chukudu: namna inavyotengenezwa, inavyogeuzwa na inavyosimamishwa

Kwenye barabara inayoteremka kutoka Kibumba kuelekea Goma, chukudu husikika mbele ya kuonekana. Mbao inagonga, gurudumu linaruka juu ya mawe ya volkano, na ule mlio wa chu-ku-du, chu-ku-du njo uliokipa chombo hiki jina, kama wengi wanavyoeleza. Juu yake kuna mashu, viazi, karoti au magunia ya makala. Nyuma ya mzigo kuna mtu mmoja, goti moja juu ya mbao, mguu mwingine hewani, tayari kukanyaga freni.

Chukudu ni kigari cha mbao chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma, kama baiskeli isiyo na pedali wala kiti. Ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulipokuwa unalegea na kununua gari au mafuta kulikuwa shida kwa mkulima. Leo iko Goma, Rutshuru, Masisi na kandokando. Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alifungua sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini Goma, na watu wengi hutumia ile fasi kuelekezana njia.

Kazi inaanza kwa mti. Mafundi hutumia mbao mbili zaidi: mkaratusi, unaopandwa mashambani, na mumba, mti mgumu wa milimani. Zile kubwa hufika karibu mita 2 za urefu. Mwili wake ni boriti moja nene na ndefu inayoinuka upande wa mbele, na nyuma yake inachongwa mwanya wa kuingiza gurudumu. Vyombo vya fundi si vingi: msumeno, panga, tezo, patasi, nyundo. Mbao mbichi ni rahisi kuchonga, lakini ikikauka inajikunja na kupasuka. Mnunuzi mwenye haraka anaweza kubebeshwa chukudu nzuri ya wiki tatu.

Gurudumu nalo lina siri yake. Ukikata kipande cha duara kwa kupita gogo, kama unavyokata kipande cha muhogo, kikikauka kinapasuka kutoka katikati kwenda nje. Mbao iliyopasuliwa kwa urefu wa mti inavumilia zaidi. Duara likishachongwa, huvalishwa ukanda wa mpira wa gari kuukuu uliopigiliwa misumari. Ule mpira unapunguza mtikisiko, unalinda mbao isiliwe na mawe, na unashika barabara. Kichwa cha msumari kinatakiwa kuzama ndani ya mpira. Kikibaki juu, ndicho kinachokanyaga jiwe, na siku chache baadaye mpira unaachia. Katikati ya gurudumu, chukudu nzuri ina rulema, zile pete za chuma zenye gololi ndani, mara nyingi zilizotolewa kwenye gari au moto iliyokufa. Isiyo na rulema inasuguana mbao kwa chuma, inaomba grisi kila wakati na inamla nguvu mwenyewe.

Sasa gido. Mbele ya boriti kuna nguzo ya mbao: chini imechongwa kama uma unaoshika gurudumu, juu ina mikono miwili mirefu kama pembe. Kugeuza nguzo ile si kwa ajili ya kona peke yake. Chombo cha magurudumu mawili hakianguki kwa sababu kinageuzwa: kikilalia kuume, dereva anageuza gido kuume kidogo, magurudumu yanarudi chini ya uzito, chombo kinasimama. Mjerumani Karl Drais alionyesha jambo hilo mwaka 1817 kwa mashine yake ya mbao isiyo na pedali, iliyosukumwa kwa miguu. Watoto wa Goma wanaojichongea chukudu ndogo wanalijua bila kusomeshwa. Chukudu ikienda polepole sana, ule usawa unapotea, njo maana kwenye mpando dereva anashuka na kusukuma akiwa pembeni.

Fundi mzuri anaangalia pia ule mlalo wa nguzo ya mbele. Ukichora mstari kufuata nguzo hadi chini, unatakiwa ugonge ardhi mbele kidogo ya fasi gurudumu linapokanyaga. Hapo gurudumu linafuata nguzo, linajinyoosha lenyewe. Likikanyaga mbele ya ule mstari, gido inakuwa kaidi: jiwe dogo tu linaipokonya mikononi. Kupima ni rahisi. Shika chukudu tupu kwa boriti, bila kugusa gido, kisha uilaze kidogo kuume. Gurudumu la mbele linatakiwa kuinama kuume lenyewe. Likikataa, au likienda kushoto, arudi kwa fundi. Kitu kingine ni nafasi iliyozidi pale nguzo inapozungukia. Mbao ikilika, gido inaanza kutetemeka kwenye mteremko, na mtetemeko ule haupungui mwendo ukizidi.

Wengine huuliza kwa nini chukudu haiwekwi mnyororo na pedali kama kinga. Jibu liko kwenye hesabu. Tuseme mzigo ni kilo 300 na barabara inapanda mita 5 kwa kila mita 100. Mlima peke yake unarudisha nyuma kwa nguvu sawa na kubeba kilo 15, bila kuhesabu uzito wa chukudu yenyewe na mawe ya njiani. Pedali ingeweza kushinda hiyo kwa meno madogo mbele na meno mengi nyuma, lakini mwendo ungekuwa wa polepole kuliko wa mtu anayetembea, na kwa mwendo ule chombo cha magurudumu mawili kinaanguka. Mpando ukiwa wa mita 10 kwa 100, kilo 15 zinakuwa 30. Kumlipa kijana mmoja asukume nyuma ni rahisi kuliko mnyororo, na kijana hakatiki katikati ya njia.

Kupanda kunachosha. Kinachoua ni kushuka. Freni ya chukudu ni kipande cha mpira wa gari kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Dereva anakikanyaga, kinasugua gurudumu, mwendo unapungua. Haiwekwi mbele kwa sababu gurudumu la mbele likisimama ghafula, mzigo wote unarukia mbele na chombo kinaweza kupinduka pamoja na dereva. Lakini freni ya nyuma nayo ina udhaifu: chombo kikisimamishwa, uzito unakimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi na gurudumu linateleza. Mvua ikinyesha, mpira unalowa na unashika kidogo sana.

Tena mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne. Chukudu inayohitaji mita 10 kusimama ikienda kilomita 20 kwa saa itahitaji kama mita 40 ikienda 40, na kwenye mteremko zaidi ya hapo. Kwa hiyo freni inaanza juu ya kilima, mwendo ukiwa bado mdogo. Anayengoja hadi aone lori mbele ameshachelewa. Wenye ujuzi hukanyaga na kuachia, kwa sababu mpira ukisuguliwa bila kupumzika unapata moto, unanuka na unaanza kulika haraka.

Mzigo wenyewe unaamua mengi. Chukudu kubwa sana husemekana kubeba hadi kilo 800. Kilo kizito kinakaa chini, kati ya magurudumu mawili. Ukizidisha mbele, gido inakuwa nzito. Ukizidisha nyuma, kwenye mpando mbele kunanyanyuka. Gunia la makala lililo juu sana, hata kama ni jepesi, linaangusha chombo kwenye kona mbele ya gunia la viazi lililolala chini.

Chombo hiki kinabeba zaidi ya mboga. Vita ikifika, chukudu ileile inabeba magodoro, masufuria na wazee waliochoka. Mamá anayengoja mashu yake sokoni anahesabu hasara kila barabara ikifungwa, na dereva aliyeikodi kwa mwenyewe anadaiwa kodi ya siku hata kama hakutumika.

Chukudu hutumika kama miaka 2 au 3. Anayenunua ya mkono wa pili aangalie kwanza nyufa kwenye uma wa mbele, kisha azungushe kila gurudumu kwa mkono na kusikiliza rulema. Ikikwaruza, ibadilishwe mbele ya kubeba chochote. Mwisho akanyage freni huku mwenzake akisukuma kwa nguvu zote: gurudumu la nyuma likizunguka bado, ule mpira umekwisha.