Umwagiliaji wa matone: Madumu 5 yanavyotosha miche 50

Maji yakikatika Dar es Salaam, ya kunywa na kupikia ndiyo hukingwa kwanza. Bustani husubiri. Ndivyo ilivyo hata kwenye migao mikubwa, kama ule uliotangazwa na DAWASA Oktoba 2022 baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Kwa mwenye nyanya au bamia nyuma ya nyumba, umwagiliaji wa matone unaweza kuokoa mazao, ila una masharti yake.

Ni nini hasa?
Maji hupita kwenye mipira yenye vitundu na kudondoka tone kwa tone kwenye shina. Hayamwagiki njiani, hivyo jua linakausha kidogo na magugu hayanyweshwi bure. Wazo ni la kale: China, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakulima walifukia vyungu vya udongo vilivyojaa maji, yakavuja polepole hadi kwenye mizizi. Mipira ya plastiki ilianza kuuzwa miaka ya 1960 huko Israel.

Hesabu yake
Vitundu vingi hutoa kati ya lita 1 na 4 kwa saa. Chukua vya lita 2: miche 50, kila mmoja na kitundu chake, itatumia lita 100 kwa saa. Hayo ni madumu 5 ya lita 20. Pampu si lazima. Pipa likiinuliwa kama mita 1, maji hushuka yenyewe, mradi mipira isiwe mirefu sana na eneo liwe tambarare.

Mchanga je?
Ukivuka na pantoni kutoka Feri kwenda Kigamboni, unakutana na mchanga. Huu haushiki maji, yanazama chini kabla mizizi haijayafaidi. Gawa dozi: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Changanya mboji na tandaza majani makavu juu.

Kinachoua mfumo
Cha kwanza ni uchafu. Kitundu kikiziba, mche wake unakauka huku wa jirani umenawiri. Weka chujio kati ya pipa na mipira, lioshe kila wiki, na fungua ncha za mipira uchafu utoke.

Cha pili ni chumvi. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na matone huiacha pembezoni mwa udongo wenye unyevu. Ukiona weupe juu ya udongo, mwagilia maji baridi mengi kwa mara moja ili yaisukume chini. Maharage huathirika mapema.

Unaishi ghorofani Kariakoo?
Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, toboa kifuniko kwa sindano, kata kitako, kisha ifukie kichwa chini kwenye chungu cha maua au pilipili. Ijaze kila inapoisha.

Pipa lifunikwe muda wote. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama.

Na kila unapofungua koki, anza kukagua mwisho wa mpira. Kama kitundu cha mwisho kinadondosha, vya mbele navyo huenda vinapata maji. Kama kimekauka, tafuta palipoziba siku hiyo hiyo.